Mzigo huu unashukia wapi?

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya masomo, naingia darasani na kipande cha godoro kwapani. Ni sponji ya kawaida, urefu wa mkono mmoja, niliyoikata kwenye godoro kuukuu la nyumbani. Ubavuni nimechora mistari iliyosimama wima kwa kalamu nene, kila sentimita tano mstari mmoja. Naitandaza juu ya viti viwili, kisha namwita mwanafunzi aikandamize katikati kwa ngumi. Wote wanaona: mistari inakaribiana juu, inaachana chini. Nawaambia betoni inavumilia kubanwa lakini haivumilii kuvutwa, basi chuma tukiweke wapi? Darasa zima linajibu: chini!

Hapo naondoa kiti kimoja. Naibana ncha moja ya sponji mezani kwa kiganja, ile nyingine inabaki hewani kama balkoni. Mwanafunzi yuleyule anakandamiza ncha iliyo hewani. Sasa mistari inaachana juu, siyo chini. Darasa linanyamaza, na ndani ya kimya hicho najua kuna kitu kimeingia ambacho ubao uliojaa fomula usingeweza kukiingiza.

Nafundisha usanifu na hesabu za majengo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ninaandika haya hasa kwa walimu vijana, maasistanti wanaopewa kozi yao ya kwanza. Kisa cha godoro kilianza na balkoni yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza masomo juzi tu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, kwenye mteremko wa Ibanda, balkoni ikitokeza mita moja na nusu. Mchoro wangu ulikuwa sahihi: dali, yaani bamba la betoni, ya sentimita 15, vyuma vikuu juu. Siku ya kumwaga betoni nilifika saa tano, kazi imekwisha, betoni imelainishwa vizuri, nikaridhika. Baada ya wiki tatu tukaondoa kofraji, zile mbao zinazoshikilia betoni mpaka ikauke, na miti ya kutegemea. Ufa ukafunguka juu, palepale balkoni inapokutana na ukuta, na balkoni yote ikainama polepole kama mtu anayesinzia. Mungu alisaidia, hakuna aliyekuwa chini. Tulipoivunja kwa nyundo tulivikuta vyuma vimelala chini kabisa, sentimita tatu hivi kutoka kwenye kofraji. Watu wa mikokoteni walivikanyaga asubuhi nzima, na hapakuwa na viti vya chuma vya kuvishikilia juu. Chuma kilichotakiwa kufanya kazi sentimita 12 juu ya uso wa chini kilibaki na tatu. Nguvu ya balkoni ikashuka hadi karibu robo.

Fundi masoni, yaani mwashi, mzee aliyejenga nyumba nyingi kuliko miaka yangu, hakugomba. Aliokota kipande cha chuma akaniuliza: "Injinia, hivi vyuma vilitakiwa kukaa juu kwa nini? Hakuna mtu aliyetuambia."

Swali lile nimeishi nalo hadi leo. Nilijua jibu kwa Kifaransa, kwa alama na kwa mchoro wa momenti, yaani nguvu ya kupinda. Sikuwa nimewahi kulisema kwa Kiswahili, wala sikudhani kwamba kulisema ni sehemu ya kazi yangu. Lakini katika mji huu darasa ni la Kifaransa, shantie, pale tunapojenga, ni ya Kiswahili na Mashi. Katikati ya lugha hizo ndipo vyuma vinapokanyagwa. Kwa hiyo kipimo changu cha mwanafunzi ni kimoja: hajaelewa hesabu ya jengo mpaka aweze kumweleza fundi, kwa Kiswahili cha kawaida, mzigo unatoka wapi, unapita wapi na unashukia wapi.

Anza na uzito, na uzito uwe wa vitu wanavyovijua. Mwanafunzi ukimwambia kilonewtoni 75 anaandika tu. Mpe chumba cha mita nne kwa tano, dali ya sentimita 15. Hiyo ni mita tatu za ujazo; betoni yenye vyuma ni kama kilo 2,500 kwa kila mita ya ujazo; jumla tani 7.5. Sasa mwambie agawanye kwa 50. Ni mifuko 150 ya simenti, imepangwa juu ya dari ya chumba anachoweza kulala yeye na ndugu zake. Hapo hajaweka shape (tabaka la simenti juu ya dali) na kigae, kama tani mbili nyingine, wala watu na vitu vyao, ambavyo kwa nyumba ya kuishi tumezoea kuvihesabu kilo 150 kwa mita ya mraba. Akishaiona ile mifuko, mfundishe kwa nini BAEL, kanuni za Kifaransa za betoni yenye vyuma, inazidisha uzito wa kudumu kwa 1.35 na ule wa kupita kwa 1.5. Atafika tani 17 na zaidi, na hatakuuliza tena kwa nini nguzo haiwezi kuwa nyembamba kama anavyopenda kwenye picha.

Baada ya uzito, safari. Mwanafunzi anaweka kidole juu ya paa kwenye mchoro wake na kushuka nacho hadi ardhini bila kukiinua. Nakumbuka kijana mmoja aliyechora ghorofa ya kupendeza, mwanga umeingia vizuri, dirisha kubwa linatazama ziwa. Kidole kikatoka batini, kikashuka na ukuta wa chumba cha kulala, kikafika sebuleni kikasimama juu ya kochi. Chini ya ukuta hapakuwa na boriti wala nguzo. Alikitazama kidole chake muda mrefu. Sikuongeza neno. Wiki iliyofuata alirudi amehamisha ukuta, na sebule yake ikawa nzuri kuliko ya kwanza, kwa sababu boriti iliyokuja kubeba ukuta ule ilitenga sehemu ya kulia chakula bila kujenga kizuizi.

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu jinsi tunavyogawanya masomo. Projeti, somo la kuchora majengo, ina mwalimu wake; RDM, hesabu za uimara wa vifaa, ina wake; na mwanafunzi anapita katikati akidhani uzuri ni kazi ya Jumanne na hesabu ni kazi ya Alhamisi. Ukiweza, kaa na mwenzako mtoe kazi moja, mchoro uleule, makosa yaleyale, alama mpatane. Mimi na mwenzangu tulianza bila idhini maalumu ya mtu yeyote, kwa chai tu na kalenda iliyofunguliwa mezani.

Sasa niseme juu ya udongo, kwa sababu Bukavu bila mteremko si Bukavu. Vitabu vingi tunavyofundishia vinaanza na jengo kwenye uwanja tambarare. Hapa nani ana uwanja tambarare? Mtu wa Kadutu anachimba mlima apate nafasi ya nyumba, anajenga ukuta wa mawe nyuma, na paa la jirani wa juu liko usawa wa dirisha lake. Chini yetu ni mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkeno yaliyooza, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua inaulowesha. Mwanafunzi wa hapa asiyejua ukuta wa kuzuia udongo hajajua kujenga kwao.

Mpe ukuta wenye kimo cha mita tatu. Udongo mkavu wa kawaida, wenye uzito wa kama tani 1.8 kwa mita ya ujazo na msuguano wa nyuzi 30, unasukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya kama tani 2.7. Kisha mwambie mvua imenyesha, nyuma ya ukuta pamejaa maji mpaka juu na hayana pa kutokea. Maji peke yake yanasukuma tani 4.5. Udongo uliozama ndani ya maji unakuwa mwepesi, unaongeza kama moja na nusu. Jumla sita. Mawe ni yaleyale, simenti ni ileile, na mzigo umezidi mara mbili usiku mmoja. Wanafunzi wengi wanapoona namba hizo wanakumbuka ukuta fulani wa mtaani kwao ulioanguka usiku wa mvua, na mwenye nyumba akaambiwa simenti ilikuwa kidogo. Mara nyingi kilichokosekana ni matundu ya kutolea maji na tabaka la kokoto nyuma, vitu vya bei ndogo kuliko vyote.

Na maji yenyewe yanatoka wapi? Hapo usanifu unarudi kwenye hesabu. Paa la mita 100 za mraba likipokea mvua ya milimita 40 linakusanya lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mwambie mwanafunzi aonyeshe kwenye mchoro mapipa 20 hayo yanakwenda wapi. Akikuonyesha bomba linaloishia ukingoni mwa kiwanja, muulize nani anakaa chini ya ukingo huo. Kuna mama mjane, kuna watoto. Mimi simpi alama mwanafunzi anayemwagia jirani maji yake, hata kama fasadi, sura ya mbele ya nyumba yake, inashinda zote.

Kompyuta isije kwanza. Sizikatai programu, Robot na AutoCAD ninazitumia kila wiki. Lakini kabla ya kuwasha mashine, kila mmoja aniandikie kwenye karatasi namba anayoitegemea. Boriti ya mita tano inayobeba tani tatu kwa mita: zidisha tatu kwa tano kwa tano, gawanya kwa nane, unapata momenti ya kama tani-mita 9.4. Programu ikikupa 94 au 0.94, kuna kizio kimekosewa au egemeo limesahaulika. Asiye na karatasi atachapisha 94 kwa rangi nzuri na kuileta.

Kuhusu mitetemeko nitasema kidogo, lakini naomba isisomwe kidogo. Asubuhi ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika hapa kwa ukubwa wa 5.9, na watu walikufa kwetu na zaidi ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda. Wanafunzi wangu wa sasa walikuwa wadogo mno kukumbuka. Watembeze mjini uwaonyeshe majengo yaliyo wazi chini kwa ajili ya maduka na mazito juu kwa vyumba: nguzo nyembamba chini, kuta nzima ghorofani. Waulize tetemeko likisukuma kwa ubavu, sehemu gani itavunjika kwanza. Wanaona wenyewe kwamba mzigo haushuki tu, unakwenda pia upande. Ndipo utie mkazo kwenye shenaji, mkanda wa betoni yenye vyuma unaozunguka kuta zote bila kukatika, na kwenye etriye, zile pete za chuma, zinazobanana karibu na viungo vya nguzo na boriti, ncha zake zimekunjwa kuingia ndani ya betoni. Fundi mvivu anaziachanisha palepale zinapohitajika zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni za nini.

Hiyo ndiyo sababu ya jambo la mwisho ninalokushauri, ambalo mwanzoni lilinipa upinzani. Siku ya kutetea projeti mwaka wa tatu, nawaalika mafundi wawili wa masoni wakae kwenye meza pamoja na walimu. Nawalipa nauli na chakula cha mchana. Mwanafunzi ana dakika kumi kwa Kifaransa kwa ajili yetu na dakika kumi kwa Kiswahili kwa ajili yao, na swali la fundi lina alama sawa na langu. Wapo wanafunzi waliokuja ofisini kulalamika kwamba wanashushwa hadhi. Niliwasikiliza, na sikubadilisha.

Safari iliyopita msichana mmoja alileta zahanati ya ghorofa moja kwenye mteremko, na nyuma yake ukuta wa mita tatu na nusu. Alieleza vizuri, hesabu zake zilikuwa safi. Fundi mmoja akasimama, akakaribia ubao, akaweka kidole nyuma ya ukuta.

"Dada, hii maji ya huku nyuma itatokea wapi?"

Msichana aliutazama mchoro. Matundu alikuwa ameyahesabu kwenye daftari, kila mita mbili, lakini kwenye mchoro hayakuwepo. Hakujitetea. Alichukua penseli akayachora hapohapo, moja moja, akaweka na kokoto nyuma yake, akaandika vipimo. Fundi akasogea karibu zaidi, akauliza bomba ni la milimita ngapi, na wakaanza kujadiliana wao wawili, sisi walimu tukiwa tumesahauliwa nyuma yao.