Jibu: Sanamu ya mcheza baleti ya Degas, ipi ndiyo halisi?

Habari mkuu. Umeiona sanamu ya binti mcheza baleti ya Degas, msanii wa Ufaransa, katika makumbusho ya Musée d'Orsay kule Paris, kisha ukaikuta tena katika makumbusho ya Tate, London, na sasa unauliza ipi ni halisi. Zote mbili ni za bronzi, zimesubiwa (yaani bronzi iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu) baada ya Degas kufa mwaka 1917. Ile aliyoifinyanga kwa mikono yake iko National Gallery of Art, Washington.

Mimi nikifika mbele ya sanamu ya miaka ile, kabla ya jina la msanii natazama mstari wa malighafi kwenye kibao cha maelezo. Ukikuta bronzi, tafuta miaka miwili: wa kuundwa na wa kusubiwa. Kwa huyu binti utaona 1881 au karibu na hapo, halafu miaka ya 1920. Pengo hilo ndilo jibu lako. Kisha zunguka utafute muhuri wa kiwanda. Hizi zilitoka kwa Hébrard, Paris.

Ya Washington ni nta, ikavikwa sketi ya kitambaa, utepe na nywele za binadamu. Ndiyo sanamu pekee Degas aliyoionyesha hadharani maishani mwake, mwaka 1881, na wapo wahakiki walioiita mbaya wa sura. Inaniuma kila nikikumbuka, maana nta ile ina uhai ambao bronzi haina.

Ila usizidharau za Paris na London. Warithi wake waliziruhusu, si bandia.

Kwa Rodin, mchongaji mwingine wa Ufaransa wa enzi hiyo, usitumie kipimo hiki. Yeye alisubisha bronzi nyingi akiwa hai, na mwaka 1916 aliikabidhi serikali ya Ufaransa kazi zake pamoja na haki ya kuendelea kuzisubu.