Kabla hujanunua kamera: neno kwa kijana wa Kigoma anayetaka kutengeneza dokumentari

Vijana wa Mwanga na Ujiji wanaonitafuta kuhusu kazi hii huanza karibu wote na swali moja: dada, ninunue kamera gani? Nami huwauliza: yule unayetaka kumrekodi, filamu ikishaonyeshwa, kesho yake atakuwa katika hali gani? Wewe huenda utakuwa Zanzibar kwenye Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, watu wanakupigia makofi. Yeye yuko Kibirizi, hapa Kigoma, na majirani wameshaiona kwenye simu zao.

Ukitaka kutengeneza filamu zinazogusa shida za watu, hilo ndilo swali la kujifunza kwanza. Mengine yote, mwanga, lenzi, uhariri, yana walimu wengi.

Chukua mwaka 2024, uvuvi ulipositishwa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hapo palikuwa na filamu ya kweli: wavuvi waliokaa nchi kavu, akina mama waanikaji ambao vichanja vyao vilibaki vitupu, na serikali yenye hoja nzito kwamba samaki wanapungua. Sasa fikiria mama mmoja anakwambia mbele ya kamera kwamba dagaa walikuwa wakipatikana usiku hata katika miezi hiyo, na mtumbwi anaujua. Mtengeneza filamu atafurahi. Lakini kwa yule mama maneno hayo ni kesi, na tena ni ugomvi na wenye mitumbwi, watu ambao ziwa likifunguliwa ndio atakaowategemea wamuuzie mzigo.

Usijidanganye kwamba utamfunika uso ukungu yakaisha. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, watu hujuana. Mtu anatambulika kwa sauti, kwa kitenge chake, kwa mlango ulio nyuma yake. Nikiona neno lina hatari ya namna hiyo, nazima kamera na kusikiliza tu, halafu natafuta njia ya kulifikisha bila yeye kuonekana wala kusikika. Na nikikosa njia, neno hilo haliingii kwenye filamu. Najua wapo wenzangu wanaoona huo ni woga. Mimi naona mwenye haki ya kuamua kuhatarisha maisha ya mtu ni mtu huyo mwenyewe, tena baada ya kuelezwa vizuri.

Kwa sababu hiyo ridhaa naiomba mara tatu: kabla ya kurekodi, tukimaliza kurekodi, na mara ya tatu baada ya kumwonyesha sehemu yake ikiwa imeshahaririwa. Ile ya tatu ndiyo yenye uzito, kwani ndipo anapojiona kama watakavyomwona wengine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isome, lakini karatasi iliyotiwa saini na mtu ambaye hajawahi kuona dokumentari haimlindi yeyote. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu jambo hili ni kubwa zaidi. Imepokea waliokimbia Kongo tangu miaka ya 1990 na waliotoka Burundi kuanzia 2015, na wengi wana ndugu waliobaki kule. Filamu haijui mpaka.

Vibali ni kazi ya kawaida, usiiogope: Bodi ya Filamu Tanzania kwa kurekodi, Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kambi za wakimbizi, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ukitaka kuingia hifadhi za Gombe au Mahale. Ukishavipata, bado nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi, pale mwaloni. Salimia wazee, kaa, eleza. Barua ya Dodoma haimalizi mazungumzo ya ufukweni.

Ratiba yako waachie mwezi na ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Siku hizo ndizo za mahojiano, wavuvi wanashona nyavu na wana nafasi ya kuzungumza. Giza likirudi, nenda nao kurekodi kazi, na vaa jaketi la kujiokolea. Fedha ya kwanza iweke kwenye maikrofoni na kinga yake ya upepo. Picha ya simu watu wataivumilia, ila sauti iliyomezwa na kusi haitasikilizwa na mtu.

Kuhusu kuwalipa unaowarekodi, semina nyingi hufundisha usitoe hata senti. Nakubali kwamba ushuhuda haununuliwi. Lakini mama aliyeanika dagaa mchangani hawezi kukaa mbele yako asubuhi nzima bila hasara. Mvua ikitisha lazima aanue upesi. Mrekodi akiwa kazini, na saidia kugeuza dagaa. Ukimtoa kwenye kazi yake, mfidie muda wake kwa kiasi mlichokubaliana mapema, kilekile iwe atasema unachotaka kusikia au atakataa kusema.

Wewe mwenyewe utakula nini? Harusi, send-off, kipaimara, na video za miradi ya mashirika. Fanya bila aibu. Ila kwa mashirika, hakikisha mkataba unasema picha ghafi ni za nani na zitatumika wapi. Wengine watataka mtoto anayelia mwanzoni mwa video. Kataa, na mpe bosi picha ya mama wa mtoto huyo akihesabu mauzo yake.

Kisha, kabla ya tamasha lolote, ionyeshe filamu kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea video, cha mtaa uleule uliorekodi, ikiwa bado haijakamilika. Bandika notisi, alika waliomo ndani yake na wale wanaowapinga. Watakwambia ulipokosea jina la pwani, ulipomfanya mzee fulani aonekane mnyonge kuliko alivyo, na mtu uliyemsahau kabisa. Tenga fedha na wiki kadhaa za kuhariri upya baada ya usiku huo. Ziandike kwenye bajeti tangu siku ya kwanza unapoomba ufadhili, na mfadhili akiuliza ni za nini, mweleze.