Embe halina kosa, tazama kilichonyunyiziwa juu yake

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mke wangu alitolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani. Wiki tatu zijazo anakwenda Dar es Salaam kupewa iodini ya mionzi, na ameambiwa apunguze madini joto, yaani iodini ya kwenye chakula, wiki mbili kabla. Jirani anasema aache matunda yote ya pwani, hasa madafu na ndizi, kwa kuwa ardhi yetu ina chumvichumvi. Mwingine katuletea unga wa mwani "wa kutibu tezi". Tunaye pia binti mjamzito, naye ameanza kula kama mama yake. Mke wangu ale matunda gani?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba. Machungwa ya Muheza, papai, ndizi, embe, stafeli, nanasi, dafu: ale. Hata mti ukiwa umeota hatua chache kutoka baharini, tunda lake lina madini joto kidogo mno kumharibia mtu tiba. Jirani yako amechanganya chumvi na madini joto, na si yeye peke yake. Kila mwezi napata mtu aliyeacha matunda wiki nzima huku anaendelea kunywa chai ya maziwa, na maziwa ndiyo yenye madini joto.

Tatizo huanzia tunda linapofika mkononi mwa muuzaji. Embe bichi la barabarani hunyunyiziwa chumvi na pilipili, na chumvi ya dukani kwetu hutiwa madini joto kwa mujibu wa sheria tangu miaka ya 1990. Juisi ya parachichi huchanganywa na maziwa. Achari ni chumvi tupu. Ubuyu mwekundu sitaki hata kuuona: rangi iitwayo erithrosini ina madini joto ndani yake, na pakiti zile haziandikwi zimetiwa rangi gani. Matunda ya kopo yenye vipande vyekundu nayo ayaache kwa sababu hiyohiyo.

Sasa huo unga wa mwani. Hapa uvumilivu unaniishia. Chembe za tezi zilizobaki mwilini mwa mkeo zinashindishwa njaa makusudi, ili dawa ya mionzi ikifika ziidake kwa pupa. Ndiyo maana kikomo chake cha madini joto kwa siku ni chini ya mikrogramu 50, wakati mtu mzima mwingine anahitaji 150. Mwani hunyonya madini joto kutoka baharini, na kijiko kimoja kinaweza kuvuka kikomo hicho mara kadhaa. Chembe zikishashiba, dawa inapita na kuishia kwenye mkojo, na safari nzima ya Dar imekwenda bure. Anayeuza unga huo kwa "tezi" hajauliza ni tezi ipi wala ina nini. Nimeshamkuta mmoja sokoni akimpa mwani uleule mwenye rovu, aliyetolewa tezi, na mzee wa tezi dume, ambayo haiko hata shingoni!

Mueleze daktari pia kama alipigwa picha ya CT kwa dawa ya mshipani miezi ya karibuni, kwa kuwa nyingi ya dawa hizo zimejaa madini joto. Vidonge vya homoni asiviache kwa ushauri wa mtu mwingine yeyote.

Kinachonitia hofu zaidi ni binti yenu. Chakula hiki ni cha mgonjwa mmoja, kwa wiki mbili, na kina tarehe ya kwisha. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni unajengwa kwa homoni za tezi. Tangu watu waanze kusambaziana orodha hizi kwenye simu, nakutana na wajawazito walioacha chumvi, samaki na mayai kwa pamoja, eti wanasafisha tezi. Hawana ugonjwa wowote.

Kwa hiyo pikeni chungu kimoja bila chumvi, mpakulieni mama kwanza, kisha mtilieni binti chumvi ya pakiti kwenye sahani yake. Samaki wake akaangwe kwenye kikaango kingine.