Maswali ya Wasomaji: Je, Sanamu za Warumi Zilikuwa Mapambo Tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika vitabu vya historia nimeona picha nyingi za sanamu za Roma ya kale, na mara nyingi zinaelezwa kuwa ni mapambo ya majumba ya wakubwa. Hata hivyo, baadhi yake zimevunjwa nyuso au kukatwa vichwa. Kama zilikuwa mapambo tu, kwa nini watu wazichukie kiasi hicho? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na tahadhari: pua nyingi zilivunjika kwa kuanguka na kukaa ardhini karne nyingi, si kwa nyundo ya mtu. Lakini shaka yako ni ya haki. Sanamu za mapambo zilikuwapo, hasa katika bustani za matajiri waliopenda nakala za kazi za Wagiriki. Ila sanamu ya mtu anayejulikana ilikuwa na kazi nzito zaidi, nayo ni kushika nafasi ya mwenye sura pale ambapo yeye mwenyewe hayupo, awe amekufa au yuko mbali.

Desturi hiyo ilikuwa na mizizi nyumbani. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeishi Roma katika karne ya 2 KK, ameeleza jinsi koo za watukufu zilivyohifadhi vinyago vya mababu ndani ya kijumba cha mbao, mahali pa kuonekana na kila aingiaye. Siku ya mazishi vinyago hivyo, vilivyotengenezwa kwa nta, vilivaliwa na watu waliolingana na wahenga hao kwa kimo na umbo, kila mmoja akiwa na toga, yaani vazi rasmi la Kirumi, ya cheo cha yule anayemwakilisha, kisha wakaketi kwenye viti vya pembe za ndovu mbele ya umati, kana kwamba ukoo mzima umefufuka kuja kumpokea mwenzao. Ukilijua hilo, hutashangaa kuona nyuso za marumaru za wakati wa Jamhuri, yaani kabla Roma haijatawaliwa na makaisari, zikiwa na makunyanzi, vipara na mashavu yaliyobonyea, kwa maana uzee ulikuwa ushahidi wa miaka ya utumishi.

Augustus, Kaisari wa kwanza wa Roma, alishika njia nyingine. Alifariki mwaka 14 BK akiwa na miaka 75, lakini sanamu zake zilimwonyesha kijana hadi mwisho. Ile iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, yenye kimo cha zaidi ya mita 2, ina deraya iliyochongwa Mparthi, yaani mtu wa Parthia, dola hasimu ya mashariki, akirudisha bendera ya kijeshi ya Warumi, jambo lililopatikana mwaka 20 KK kwa mapatano. Na mguuni pake yupo Cupido, mwana wa mungu wa kike Venus, juu ya pomboo, kukumbusha kwamba ukoo wa Augustus ulidai kutokana na Venus huyo. Sura hiyo ya ujana ilisambazwa majimboni, kwa watu ambao wengi wao hawangemwona mtawala wao maishani.

Sasa tazama kilichotokea huku Afrika. Mnamo mwaka 25 KK majeshi ya Kushi, ufalme uliopakana na Misri upande wa kusini, yaliingia sehemu ya kusini ya Misri, iliyokuwa chini ya Roma, yakaangusha sanamu za Augustus na kuondoka na kichwa cha mojawapo, cha shaba, kikubwa kuliko cha mtu halisi. Mwaka 1910 kilikutwa Meroe, mji wa Kushi katika Sudan ya leo, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, hata kila aliyeingia humo alimkanyaga Kaisari. Naona watu wa Kushi waliielewa kazi ya sanamu hizo kuliko vitabu vinavyoziita mapambo.

Warumi wenyewe hawakuwa tofauti. Kaisari Domitian alipouawa mwaka 96 BK, Seneti, yaani baraza la watukufu wa Roma, iliamuru kumbukumbu zake zifutwe, na baadhi ya nyuso zake zikachongwa upya kuwa za Nerva aliyemrithi.

Wala michongo haikuwa ya watawala peke yao. Mjini Pompeii wafua nguo walimsimamishia sanamu kuhani wa kike Eumachia, na kule Roma kaburi la mwoka mikate Eurysaces limechongwa watu wakikanda unga na kutia mikate tanurini. Hata mtumwa aliyeteswa aliweza kukimbilia sanamu ya Kaisari kuomba hifadhi, na katika karne ya 2 BK Kaisari Antoninus Pius aliagiza kwamba ukatili wa bwana ukithibitika kupita kiasi, bwana huyo alazimishwe kumuuza mtumwa wake.