Mkuu, usilipie hiyo saa kabla hujapima mkono wako kwa rula

Weka simu chini. Usitume hela. Kama umeshatuma ya kumshikisha muuzaji, mpigie umwambie umefiwa, umefilisika, lolote.

Kwa mnaoingia sasa: mleta mada ana mkono mwembamba, mzunguko wa sentimita 16, ameona kronografu ya mbizi (saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha kwa vibonyezo) ya milimita 44, otomatiki, yaani inajijaza yenyewe mkono ukitikisika, imeandikwa inahimili maji mita 200, muuzaji anamsubiri mpaka Ijumaa. Anauliza itamkaa au haitamkaa, achukue otomatiki au ya kutia ufunguo, mkanda wa chuma au wa mpira, na saa kama hizi huku kwetu zinahudumiwa na nani. Wadau watatu mmeshamjibu "chukua mkuu, chuma hicho". Aisee. Miaka minne iliyopita niliuliza swali kama hili sehemu nyingine, nikajibiwa maneno hayohayo, na nikayaamini kwa sababu ndiyo niliyotaka kuyasikia.

Kilichonikuta ni hiki. Nilikwenda Dubai kufuata mzigo wa vipuri, nikabakiwa na siku mbili na hela kidogo ya faida. Mkono wangu una sentimita 15.8, nawashinda wanangu kidogo tu, mke wangu huwa anaufananisha na mpini wa mwiko. Nilikuwa nimetazama video za jamaa mmoja mchambuzi wa saa, Kiingereza chake kitamu, na kuhusu saa niliyokuwa naiwinda alisema kwamba ukiivaa inaonekana ndogo kuliko namba zake. Niliirudia sentensi hiyo kama dua. Baadaye sana, saa ikiwa imeshakufa, ndiyo nikaitazama tena ile video na kumsikia akitaja, kwa haraka, kama anayesoma masharti ya mkopo, kwamba mkono wake una sentimita 19. Kaka! Mkono wa sentimita 19 ukivaa sufuria, sufuria nayo itaonekana ndogo.

Dukani Deira, kiyoyozi kimewashwa mpaka meno yanagongana. Saa ilikuwa na kipenyo cha milimita 45, na mimi nilijua namba hiyo moja tu. Muuzaji akatoa pingili za mkanda, akatoa tena, akafika za mwisho zinazotoka, saa bado inaelea. Akanishika bega: "Rafiki, mkono utaizoea." Viatu ndivyo vinavyozoeleka, mkuu, kwa sababu ngozi ya kiatu inatanuka. Mfupa wa mkono wa mtu wa miaka thelathini na tisa unazoea nini? Nikalipa, kwa hela yetu ni kama milioni tatu na laki nane. Nyumbani mama watoto akaitazama kutoka mlangoni: "Hiyo saa umeivaa, au imekuvaa?"

Nikacheka. Sikucheka mwezi wa pili, nilipokuwa nimeshaigonga kwenye fremu ya mlango wa gari, kwenye kaunta ya benki, na kwenye kichwa cha mwanangu mdogo nikimbeba.

Desemba tukaenda Mafia kuogelea na papa potwe. Mnaopafahamu Kilindoni mnajua: unakaa kwenye boti, nahodha anaona kivuli, anapiga kelele, unaruka. Nami nina kronografu ya mbizi. Nitaitumia lini kama siyo siku hiyo? Vibonyezo vya pembeni vilikuwa vya kufunga kwa kuzungusha, ukivifunga havibonyezeki. Nikavifungua vyote viwili, nikaanzisha kuhesabu ili nipime nimekaa na samaki dakika ngapi. Ujinga, najua. Kumpima muda samaki mwenye urefu wa boti kana kwamba nitamlipa kwa saa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ukubwa wa saa ulipogeuka kuwa hela. Ile saa kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko mkono, haikukaa mahali pake. Uzito wa kama gramu mia mbili na ushee uliivuta ikateleza hadi chini ya kifundo, ikalala kwenye mgongo wa kiganja. Nikarudi kwenye boti, nikashika ngazi kupanda. Ukishika ngazi, kiganja kinakunjika kwenda nyuma. Mgongo wa kiganja ukagandamiza kibonyezo cha juu, kikiwa wazi, ndani ya maji ya bahari. Nilikisikia kabisa: *tik*. Mshale ukasimama kwenye dakika ya saba na sekunde kadhaa. Nikafurahi hata, nikasema angalau nimepata namba yangu.

Jioni, nikiwa nakula pweza, nikaona ukungu chini ya kioo. Upande wa namba mbili kwanza, kilipo kile kibonyezo, kisha uso mzima.

Na hapa nikaongeza kosa juu ya kosa. Kuna mtu pale hotelini, mtu mwenye sauti ya kujua mambo, akasema izike kwenye mchele, mchele unavuta maji. Nikaizika. Siku tatu! Ukungu ukaondoka, nikamshukuru, nikamnunulia soda. Nikarudi Dar na saa inayotembea, nikaivaa wiki nyingine mbili nzima, mpaka siku kibonyezo kilipogoma na mshale wa sekunde ukaanza kuruka kama kuku aliyekatwa shingo.

Fundi wangu wa Kariakoo ni mzee wa kimyakimya. Akafungua mfuniko wa nyuma, akavaa lenzi yake jichoni, akanyamaza muda ambao ulinitosha kujutia kila kitu tangu Deira. Kisha akanisogezea trei nitazame mwenyewe. Wenzo za kronografu, vile vyuma vidogo vinavyoanzisha na kusimamisha, vilikuwa na kutu ya rangi ya chai ya rangi, na kwenye pembe moja kulikuwa na chembe nyeupe. "Mwanangu," akasema, "ungeniletea maji ningeyatoa. Umeniletea chumvi." Mchele, wadau, hauvuti chumvi. Maji yaliyoonekana kuondoka yalikauka humohumo na kuacha kilichokuwamo. Saa ikiingia maji ya bahari inafunguliwa siku hiyohiyo, na kama huna fundi karibu, tafuta boti ya kurudi.

Vipuri viliagizwa, nikalipa milioni moja na laki nne pamoja na ufundi, nikaja kuiuza kwa laki tisa kwa jamaa mwenye mkono kama mguu wa meza. Imemkaa vizuri, mshenzi yule. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nimeshaacha kuifanya.

Kwa hiyo mkuu, milimita 44 haikuambii kitu. Chukua rula au venia, kile kipimo cha mafundi chenye taya mbili. Weka mkono mezani kama unavyovaa saa, pima sehemu bapa ya juu, kutoka pale mkono unapoanza kuinama upande huu hadi unapoanza kuinama upande wa pili. Wangu ni milimita 49. Halafu mwambie muuzaji akupimie saa kutoka sikio hadi sikio, yaani kutoka ncha ya pembe ya juu inayoshika mkanda hadi ncha ya pembe ya chini. Yangu ilikuwa 53. Milimita nne zilikuwa zinaning'inia hewani kama mabati ya kibaraza. Namba ya masikio lazima iwe ndogo kuliko namba ya bapa, na isiwe ndogo kwa unywele, iache hata milimita tatu au nne. Mzunguko wa mkono usikudanganye: watu wawili wenye sentimita 16, mmoja ana mkono wa duara kama bomba, mwingine bapa kama ubao, na saa moja itamkaa wa pili na kumtesa wa kwanza.

Mfano ili uone kipenyo kilivyo muongo. Seiko SKX007 ina kipenyo cha 42.5, watu wenye mikono myembamba wanaiogopa, lakini masikio yake ni kama 46 tu, inakaa. Tudor Black Bay Chrono ina kipenyo cha 41, ndogo kuliko hiyo Seiko, ila masikio yake yanakaribia 50. Ukichagua kwa kipenyo utachukua isiyo yako. Na kama ina mkanda wa chuma, tazama pingili ya kwanza: nyingine zimekazwa, zinatoka mbele ya masikio bila kuinama, zinaongeza urefu ambao haujaandikwa popote.

Halafu unene, jambo ambalo kwenye kronografu ndilo jini lenyewe. Nyingi za otomatiki za bei ya kati zimebeba mashine ya Valjoux 7750 au ndugu yake Sellita SW500. Mashine ngumu, ipo tangu miaka ya 1970, mafundi wanaijua, siisemi vibaya. Lakini mashine peke yake, bila kioo, bila mishale, bila mfuniko, ina unene wa milimita 7.9. Ile ETA 2824 ya saa za kawaida ina 4.6. Sasa juu ya hiyo 7.9 weka uso wa saa, mishale, kioo kinene cha kuhimili maji, bezeli (ile pete ya nje inayozunguka kioo), na mfuniko wa nyuma wa kukaza. Unashangaa nini ukifika 16 au 17? Yangu ilikuwa 17. Kofi la shati halipiti. Tena rota yake, kile chuma kinachozunguka ndani kuijaza saa, inajaza ikizunguka upande mmoja, upande wa pili inazunguka bure, kwa hiyo ukitikisa mkono unaisikia ikikimbia humo ndani kama panya kwenye gunia. Wengine wanaipenda hiyo. Mimi nilikuwa naamka usiku.

Na nikuulize, kronografu ya nini baharini? Ile bezeli ya kuzunguka upande mmoja inakuhesabia dakika 60 bila kutoboa ganda la saa mahali popote. Ikigongwa ikasogea, inakuambia umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa, unatoka mapema, upo salama. Kronografu inaongeza vibonyezo viwili, maana yake matundu mawili zaidi yanayotegemea vioringi, vile vipete vya mpira vya kuzuia maji, vidogo kuliko pete ya mtoto. Namba ya mita 200 kwa saa nyingi haikupi ruhusa ya kubonyeza chini ya maji. Zipo zilizotengenezwa kubonyezwa humohumo, Omega Seamaster Diver 300M ya kronografu ni mojawapo, ila nayo ni 44 na mnene, tumerudi palepale. Ile Speedmaster Professional iliyovaliwa mwezini 1969 ni kronografu tamu, 42, lakini imeandikwa mita 50. Imefika mwezini, Mafia haipaswi kuzama.

Kama bado unaing'ang'ania (najua unaing'ang'ania, nami niling'ang'ania), fanya jambo moja kabla ya Ijumaa. Kata boksi la kadibodi kwa urefu wa masikio aliokutajia muuzaji na upana wa 44. Gundisha tabaka juu ya tabaka mpaka unene ufike huo aliokutajia. Akikataa kukutajia unene, umeshapata jibu. Lifunge mkononi kwa mpira wa hela uende nalo kazini siku nzima. Panda daladala nalo. Vaa shati la mikono mirefu. Shika bomba la juu ukiwa umesimama, kunja kiganja kwenda nyuma, utausikia ule ukingo ukikuchoma. Wenzako watakucheka, na kicheko ni bure.

Mimi nilifanya hivyo mara ya pili, na kadibodi ikanikataza kununua saa tatu, moja baada ya nyingine. Ndiyo sababu leo navaa SKX013 ya mtumba, kipenyo 38, masikio 44, haina kronografu, na Mafia nimerudi nayo mara mbili. Papa potwe hawakuuliza kitu.

Mlioandika "saa kubwa ni heshima" njooni mniambie heshima gani hiyo ya kutembea umekunja mkono kama aliyevunjika ili saa isiteleze.

Kuna mambo mengine uliuliza, mkanda na nini sijui, fundi, wadau watakujibu, betri ya simu yangu imebaki asilimia tatu. Wewe leta namba mbili tu hapa, bapa ya mkono wako na masikio ya hiyo saa. Kwa milimita, mkuu. Jamaa wa mwisho alinipa sentimita, nikamwambia itamkaa.