Msomaji Auliza: Anayepokea Simu ya 999 Huona Nilipo?

Swali: Mhariri, pokea salamu kutoka Busia ya Uganda. Mimi ni fundi cherehani na duka langu liko karibu na mpaka. Mwanangu, anayesomea kompyuta, anadai kwamba ukipiga 999 anayepokea huona kwenye skrini mahali ulipo. Kama ni kweli, mbona tunahimizwa tueleze kwa kirefu tulipo? Na ninapoulizwa maswali yote hayo, gari la zimamoto huwa limekwisha kuondoka, au linasubiri nimalize?
*Fundi wa Busia*

Jibu: Ndugu Fundi, mwanao amekupa nusu ya habari. Mtandao hujua ni mnara gani unaoihudumia simu yako, na katika nchi nyingi taarifa hiyo humfikia mpokeaji pamoja na namba yako. Mjini, ambako minara imesongamana, huweza kukukadiria ndani ya mita mia kadhaa. Kijijini mambo ni mengine, kwa kuwa mnara wa GSM unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, na ndani ya eneo hilo zimo senta, shule na misikiti mingi. Upo pia utaratibu ulioanzia Uingereza mwaka 2014, ambapo simu janja inayopiga namba ya dharura hutafuta yenyewe mahali ilipo na kutuma jibu kwa ujumbe mfupi, bila mwenyewe kubonyeza chochote. Hata hivyo, hufanya kazi pale tu ambapo nchi na mitandao yake imejiandaa kuupokea ujumbe huo, na kwa kitochi haufai kitu.

Wewe unayeishi mpakani una jambo la ziada. Simu yako inaweza kushika mnara wa Kenya, na mwito wa dharura hupelekwa na mtandao unaokuhudumia wakati huo, popote uliponunua laini. Kenya nao hutumia 999 na 112, na wana Busia yao. Taja nchi kwanza, kisha mji.

Ama kuhusu maswali, hayalicheleweshi gari pale ambapo chumba cha simu kinatumia programu ya kuratibu miito. Mpokeaji huandika aina ya tukio na mahali; programu hulilinganisha jina na orodha yake ya majina ya mahali, na hapo ndipo ubishi huanza, kwa maana Katwe iko Kampala na Katwe nyingine iko Kasese kwenye ziwa la chumvi. Mambo hayo mawili yakithibitika, rekodi huruka hadi kwenye skrini ya mwenzake anayepanga magari, ambaye huona kwenye ramani gari lipi liko huru na lipi liko karibu, akaliamuru liondoke huku wewe ukiendelea kuulizwa kama kuna mtu ndani au mitungi ya gesi. Kila jibu lako huongezwa kwenye rekodi ileile na kusomwa na walio njiani. Kwetu Uganda zimamoto ni kurugenzi ya Polisi, kwa hiyo 999 ni namba ya moto na ya wizi pia; ndiyo maana swali la kwanza kabisa huwa ni nini kimetokea.

Wapo wanaopendekeza kompyuta iachiwe kila kitu. London walijaribu jambo la namna hiyo kwa magari ya wagonjwa tarehe 26 Oktoba 1992. Mfumo ulihitaji kujua kila wakati gari lipi liko wapi, lakini taarifa zilizotoka kwenye magari zilikuwa na kasoro. Ukaanza kutuma magari mawili kwenye tukio moja, au gari la mbali badala ya la jirani. Waliochoka kusubiri walipiga tena, simu zao zikaongeza msongamano, na tarehe 4 Novemba mfumo ukasimama kabisa, wafanyakazi wakarudia karatasi. Kwa maoni yangu, kasoro kubwa zaidi ilikuwa kumwondolea mpangaji nafasi ya kuusahihisha uamuzi wa mashine anapoona haulingani na hali halisi.

Kwa hiyo ukipiga, taja wilaya, mji, kijiji, kisha alama ambayo kila mwendesha boda anaijua: soko, steji, mnara, nyumba ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kama jirani amekwisha kupiga, simu yako si hasara, kwa sababu programu huweza kuziunganisha simu za tukio moja, na huenda wewe umeona mlango ambao yeye hakuuona. Ukimaliza kuzungumza, usiizime simu wala usianze kuwapigia jamaa. Dereva akipotea njia, namba atakayotafutiwa ni hiyo iliyobaki kwenye rekodi.