Kabla ya kumpelekea mfadhili simulizi, msomee mwenyewe anayesimuliwa

Simulizi yangu ya kwanza ya kuombea michango ilimhusu mama mmoja wa kijijini Singida, aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kuwahi maji kisimani. Niliandika nyufa za miguu yake, machozi, mtoto mgongoni. Ofisini waliisifu. Bahati nzuri nilirudi kijijini kabla haijatumwa, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hujasema mimi ndiye mweka hazina wa kamati ya maji?"

Nilikuwa nalo hilo kwenye daftari langu. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akikusanya mia tano mia tano za pampu. Niliacha makusudi, nikihofu kwamba mtu anayejituma hatahurumiwa. Wewe unayeanza kazi hii, nakuomba usirudie kosa hilo. Mfadhili aliyelizwa leo, kesho atalizwa na mwingine. Mwonyeshe watu waliokwisha kujichangia na kiasi kilichopungua. Hapo anajua shilingi yake inakwenda kuziba pengo gani.

Kumsimulia mtu mmoja kuna nguvu kweli. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti ambamo watu walipewa dola 5, kisha wakaombwa kuchangia. Waliosoma habari za Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38, waliosoma takwimu tu, 1.14, waliopewa vyote viwili, 1.43. Ndiyo maana takwimu nyingi mimi huzipeleka kwenye ripoti. Lakini nguvu hiyohiyo ndiyo inayotutia tamaa ya kumkamua mtu machozi.

Kuhusu ridhaa, sahihi kwenye fomu haitoshi. Anayechota maji kwenye kisima cha shirika lako ataona vigumu kukukatalia. Mweleze kwa lugha anayoiota, mwonyeshe kwenye simu picha itatokea wapi, mwambie wazi kwamba akikataa maji yatabaki palepale. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isome.

Yule mama aliikataa picha ya ndoo kichwani. Aliingia ndani, akatoka na kitenge kipya, daftari la michango mkononi, akasema, "Haya, sasa piga."